Jina la Pili Kwenye Jiwe

Mji wa Elberry ulikuwa na watu elfu mbili na ushei, lakini taa zake ungedhani ni za watu laki. Kiwanda cha kuku upande wa kusini kiliwaka usiku kucha. Uwanja wa shule uliwaka hata siku zisizo na mchezo, na kituo cha mafuta pale njia panda kiliwaka kama kina harusi. Kwa hiyo maktaba ilipotangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo itawatoa watu kwenda kutazama nyota na vimondo vya Agosti, swali la kwanza likawa waende wapi. Nyota zinataka giza, na giza ndicho kitu Elberry ilichokuwa imeishiwa.

Mwenye maktaba alikuwa Verlene Tarver, au tuseme mfanyakazi wake wa pekee, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane wa miaka saba. Alikuwa na sauti ya chini na macho makubwa yaliyopenda kutazama mlangoni, kama mtu anayengoja kuitwa. Jumamosi iliyotangulia Ijumaa hiyo, saa tisa na nusu mchana, alikaa mezani na kamati yake ya watu wawili. Mmoja alikuwa Bibi Theodosia Crump, mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyefundisha nusu ya mji na kuichapa nusu iliyobaki. Wa pili alikuwa Linwood Mayes, fundi wa nguzo katika ushirika wa umeme, mtu wa miaka arobaini na moja, mikono mirefu, maneno machache, na mwenye darubini yake mwenyewe. Alikuja Elberry miaka minne nyuma kurudisha umeme baada ya kimbunga. Umeme ukarudi, yeye hakurudi kwao.

Mambo mengine yalikwisha pangwa. Watu wafike saa mbili na nusu usiku, giza kabla halijashika vizuri. Tochi zifungwe karatasi nyekundu ili macho yasiharibike. Kila familia ije na blanketi lake la viraka la kulalia, wazee waletewe viti, na wenye magari waegeshe migongo ikielekea uwanjani ili mtu asije akawasha taa za mbele na kuwapofusha wenzake. Juu ya chakula walibishana nusu saa nzima. Bibi Theodosia alitaka kuku wa kukaanga, njugu za kuchemsha na pai la pichi. Linwood akasema watu wakila hivyo watalala, vimondo vitapita juu yao wakikoroma. Bibi akamwambia yeye alikonda kwa sababu hana mtu wa kumpikia, akamtupia Verlene jicho, na Verlene akainamia karatasi yake haraka kama kwamba ameona kosa la kuandika.

Mwezi mmoja nyuma, ndani ya pikapu yake mbele ya maktaba, Linwood alikuwa amemwomba Verlene waoane. Verlene akamjibu nipe muda. Akampa. Tangu hapo hakurudia tena, na kimya chake kilimwumiza Verlene kuliko kama angemsumbua kila siku, maana kilikuwa kimya cha mtu anayengoja kwa adabu.

Linwood akakunjua ramani ya nguzo za ushirika. Akaeleza kwa ufupi, kama kawaida yake, kwamba ameyapima maeneo yote kwa maili nne. Shamba la Cutler lina fahali mkali. Bwawani kuna ukungu na mbu. Pamebaki mahali pamoja tu penye uwanja mpana na giza la kweli. Kidole chake kikatua juu ya kilima.

"Mlima Nebo," akasema. "Uwanja wa nyuma ya kanisa, karibu na makaburi. Kuna taa moja tu pale, ya nguzo. Hiyo naizima mimi."

Verlene akaweka kalamu chini. Akasema hapana, pale hapafai. Linwood akauliza kwa nini. Akasema hapafai tu, watu watakanyaga makaburi. Linwood akasema uwanja una ua wake. Akasema barabara mbaya. Linwood akasema barabara ilimwagwa kokoto mwezi wa nne. Bibi Theodosia aliwatazama wote wawili juu ya miwani yake. Yeye alijua. Kila mtu wa kanisa la Nebo alijua, ila hakuna aliyeliona kuwa ni jambo la kuhadithia.

Ni hivi. Watu wa Nebo mume akifariki hununua jiwe moja la watu wawili. Upande wa kushoto wanachonga jina la marehemu na miaka yake. Upande wa kulia wanachonga palepale jina la mke aliyebaki, mwaka aliozaliwa, na kistari. Baada ya kistari hakuna kitu. Kwa wakongwe jambo hili halina uzito wowote. Utawaona Jumapili ya kusafisha makaburi, mwezi wa tano, mabibi wa miaka themanini wamekaa kando ya majina yao wenyewe wanakula saladi ya viazi na kusengenya. Lakini Roscoe Tarver, mume wa Verlene, alipopinduka na lori la magogo akafa, alikuwa na miaka thelathini na moja, na Verlene alikuwa na ishirini na tisa. Na mchongaji, kwa kutaka kujipunguzia kazi ya baadaye, alikwisha chonga hata mwanzo wa mwaka wa kufa kwake. Kulikuwa na mbili, na sifuri, na pengo la tarakimu mbili zilizobaki.

Kila Mei Verlene alikwenda na ndoo, sabuni na mswaki. Alilisugua jina la mumewe, kisha akasogea nusu hatua kuliani, akajisugua mwenyewe.

Linwood hakuyajua haya. Jumapili alisali kwao, kata ya jirani, pamoja na mama yake mzazi, na makaburi aliyoyasafisha yalikuwa ya huko. Ndani ya makaburi ya Nebo hakuwahi kuingia hata siku moja.

Bibi Theodosia akamaliza ubishi kwa njia yake ya kiualimu. Akasema magoti yake hayapandi kilima, kwa hiyo hao wawili wakapaone leo hii kungali na jua, warudi na jibu. Ruhusa ya kanisa ataiomba yeye kwa simu. Verlene akasema ruhusa ataiomba mwenyewe, kwani aliyeshika mambo ya makaburi ya Nebo alikuwa Mama Arzula Tarver, mama mkwe wake, ambaye aliishi naye nyumba moja. Bibi Theodosia akaitikia vizuri tu, na kabla hao wawili hawajafika mlangoni, simu ilikuwa sikioni mwake.

Njiani Verlene alipanga ujanja wake. Ataingiza gari kwa geti la nyuma, amwonyeshe uwanja, amrudishe. Jiwe liko mbele, mbali, juu kabisa. Alikuwa na aibu ya ujanja huo lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi. Mwanamume huyu ndiye kitu kizuri cha kwanza kumpata katika miaka saba, na alijua moyoni, kama mtu anavyojua mvua kwa harufu, kwamba siku atakayoliona jiwe lile atampoteza.

Na nyumbani hakukuwa na wa kumwambia. Nyumba ya Mama Arzula ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na kanisa, na Roscoe alikuwa bado anaishi mle. Kofia yake ilikuwa msumarini. Kiti chake hakikaliwi. Asubuhi bibi kizee akifungua pazia la jikoni alitazama kilimani na kusema, "Umeamkaje, mwanangu," na kujaza kahawa. Verlene mwenyewe, yeye aliyesoma vitabu vyote vya maktaba, jioni nyingine alisikia viatu vya kazini vikikung'utwa matope kwenye ngazi za baraza. Aliacha anachofanya, akangoja mlango ufunguke. Haukufunguka, na hakuwa na hakika kama anashukuru au anasikitika.

Kuhusu Linwood mama mkwe hakupinga kwa maneno. Alimwita "yule wa umeme". Siku Linwood aliyokuja kumchukua Verlene kwa chakula cha jioni, bibi alimkaribisha vizuri, akampa chai ya barafu, kisha akamwonyesha picha za harusi ya Roscoe, moja baada ya moja, kurasa arobaini. Linwood alizitazama zote.

Walifika kilimani yapata saa kumi na moja. Jua lilikuwa bado kali, nyenje wanapiga kelele kwenye misonobari, udongo mwekundu umekauka na kupasuka. Linwood alikuwa mtu mwingine akiwa kazini. Alitembea uwanja mzima kwa hatua ndefu, akihesabu, akamwonyesha pa kuweka viti vya wazee, pa kuegesha magari, pa kusimamisha darubini ili watoto wapange foleni bila kukanyaga blanketi za watu. Akamlaza Verlene chini kwenye nyasi, mgongo chini, ajaribu kama miti inaziba mbingu. Verlene akalala. Akaiona mbingu nzima, haina pembe, na uso wa Linwood umeingia kwa juu ukimwuliza anaona nini.

"Nakuona wewe," akasema, na kwa dakika moja alisahau mahali alipo.

Linwood akacheka, akampa mkono akamwinua, na hakuuachia. Walisimama hivyo. Verlene alifikiri, nimwambie sasa. Mdomo ukafunguka. Linwood naye akawa ameshageuza shingo kutazama ile nguzo ya taa kule juu.

"Nisubiri hapa," akasema. "Nikasome namba yake."

Verlene hakuwa amelifikiria hilo. Kila nguzo ya ushirika ina kibati chenye namba, na fundi hawezi kuzima taa ya nguzo kama hakuandika namba hiyo kwenye fomu. Akamwambia aache, watatazama ofisini. Linwood akasema ofisini wanakosea. Akamwambia basi yeye Verlene ndiye aende. Linwood akamtazama kwa mshangao wa mapenzi, kwamba kwa nini ajichoshe, akaruka ua, akapanda katikati ya makaburi akizungusha miguu kwa heshima asimkanyage mtu.

Nguzo ilisimama ndani ya eneo la Tarver, hatua tatu tu kutoka kwenye jiwe. Verlene alimwona anainua kichwa, anasoma kibati, anaandika. Alimwona anafunga kidaftari. Akageuka arudi, na hapo akasimama.

Akainama kulisoma jiwe, kidole kikifuata herufi.

"Verlene," akaita. Sauti yake haikuwa ya kazi tena. "Jina lako liko hapa."

Verlene akapanda. Akasimama upande wa pili wa jiwe, jiwe likawa katikati yao kama meza.

"Najua," akasema.

"Na mwaka uliozaliwa. Na nusu ya mwaka mwingine."

"Najua, Linwood. Mimi ndiye ninayelisafisha."

Akaanza kumweleza desturi ya Nebo, kwamba nusu ya mawe yale yana majina ya watu walio hai, lile kule la mwenye duka la mbegu, hili la Bibi fulani. Linwood alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekwambia lini? Tukiwa tunakula? Nikuombe chumvi, halafu nikwambie kaburi langu liko tayari?"

"Ungeniambia siku niliyokuomba."

"Siku hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo."

Linwood alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira, na Verlene angependa awe nayo, kwa sababu hasira angeijibu.

"Simwonei wivu marehemu," akasema. "Mimi na yeye hatuna ugomvi. Lakini nataka nikuulize kitu kimoja, nawe unijibu kweli. Tuseme umekubali. Tumeoana, tumeishi, tumezeeka. Siku yako imefika. Nikuchukue mimi kwa mikono yangu nikulete hapa, nikuache kwake. Sawa. Halafu mimi nirudi nyumbani kwa nani? Na mimi nikifa nilale wapi?"

Verlene akaweka kiganja juu ya jiwe. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kila Mei nalisugua jina hilo kwa mswaki," akasema. "Nikimaliza linang'aa, nami nalitazama, naona kama ndilo mimi wa kweli. Siku nyingine naamini nilikufa naye siku ileile, na huku kutembea kwangu nimeazimwa tu. Nikiwa na wewe, Linwood, naona kama nimetoroka. Nakaa nikisikiliza nani anakuja kunirudisha."

Ndipo mlango wa waya wa nyumba ya ng'ambo ulipogonga, na Mama Arzula akaonekana anavuka barabara.

Alikuwa na miaka sabini na minne, mfupi, mkakamavu, amevaa kofia ya kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Alipanda kilima polepole bila kusimama, na hakuna aliyethubutu kwenda kumshika mkono. Alipofika alipumua kwanza. Linwood akamsalimu kwa heshima. Bibi akaitikia.

"Theodosia amenipigia simu," akasema. "Ati mnataka kuzima taa ya mwanangu."

Linwood akamweleza kwamba ni kwa muda wa saa mbili tu, ataizima mwenyewe na kuiwasha mwenyewe. Mama Arzula hakumtazama. Alikuwa anaitazama nguzo.

"Roscoe hakuogopa kitu chochote duniani isipokuwa giza," akasema. "Alilala na taa mpaka akawa na miaka kumi na minne, akanikataza nisimwambie mtu. Nilimzika Alhamisi. Usiku wake nikafungua pazia, kilima chote kikawa cheusi kimoja. Nikasema hapana. Asubuhi niliwapigia ushirika simu, waje waweke taa." Akamgeukia Linwood. "Na wewe ndiye unayemchukua mke wake."

"Nimemwomba, Mama. Hajanijibu."

"Hawezi kukujibu. Ana ahadi."

Katika miaka kumi na minne ya kumjua mwanamke huyu, Verlene hakuwahi kumpandishia sauti. Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa mtoto wa kubebwa, baba hakuonekana. Mama Arzula ndiye aliyemfundisha kuoka mkate, ndiye aliyemfunga shela siku ya harusi, ndiye aliyelala naye kitanda kimoja miezi sita baada ya mazishi. Kumpoteza Linwood kulikuwa kama kukatwa mkono. Kumpoteza mama huyu hakukuwa na mfano. Ndiyo maana kwa miaka saba alinyamaza. Sasa kinywa chake kilisema chenyewe.

"Ahadi gani, Mama? Niliahidi lini? Wewe ndiye uliyekwenda kwa mchongaji, ukanichonga humu na miaka ishirini na tisa, kama kwamba nimekwisha. Sikuulizwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza."

Nyenje walikuwa wanaendelea na kelele zao. Mama Arzula alimtazama mkwewe kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ndio uliomtia Verlene baridi.

"Hukuulizwa?" bibi akasema taratibu. "Verlene. Uliomba wewe."

Akaeleza, akiwa amesimama palepale, macho yake yakiwa chini kwenye nyasi. Siku ya mazishi jeneza liliposhuka, Verlene alijitupa chini. Wanaume wanne walishindwa kumwinua. Alichimba udongo kwa vidole mpaka kucha zikavunjika, akamshika mama mkwe wake pindo la gauni, akasema usinitenge naye, Mama, nizike naye. Alilisema usiku kucha. Alilisema kesho yake. Muuguzi akamchoma sindano ya usingizi, na alipozinduka akalisema tena, mpaka Mama Arzula akaapa kwa jina la Mungu kwamba Verlene atalala kando ya Roscoe na hakuna atakayemtoa.

Verlene alisikiliza kama anasimuliwa habari za mwanamke mwingine. Alikumbuka sindano. Alikumbuka kucha, alizikuta zimefungwa bandeji na hakujua kwa nini. Wiki ile ilikuwa ukungu, hakuwahi kuuliza kilicho ndani yake, na hakuna aliyemwambia.

"Sikumbuki," akasema. "Mama, sikumbuki hata neno."

"Mimi nakumbuka yote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?" Bibi akaweka mkono juu ya upande wa kulia wa jiwe. "Nafasi hii ilikuwa yangu, Verlene. Nilikuwa nimejiwekea kabla hujaingia katika nyumba yetu. Baba yake Roscoe alinikimbia, amezikwa Detroit na mke mwingine. Nikasema basi, mimi nitalala na mwanangu, atakuwa upande huu na mimi upande huu. Halafu ukaja ukanililia vile. Nikakupa. Nikamwambia mchongaji, weka jina la mtoto huyu. Sasa eneo letu limejaa. Miaka saba mimi sina pa kuzikwa, na sikukwambia, maana nilikupa kwa moyo wangu wote. Kila Mei nakuona unasugua jina lako nasema, haya, angalau yeye ana mahali pake."

Verlene alikaa chini. Kwa miaka saba alimwona mwanamke huyu kama bawabu wa kaburi lake, kumbe bibi wa watu alikuwa amelala nje ili yeye alale ndani. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akalia. Linwood alipiga hatua kumfuata, akajizuia, akasogea pembeni kwenye nguzo na kutazama kwingine.

"Umempenda huyu?" Mama Arzula akauliza, kwa sauti ya jikoni, sauti ya wao wawili.

"Nimempenda, Mama."

"Kama Roscoe?"

"Si kama Roscoe. Yeye nampenda nikiwa nimeshajua watu wanakufa."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole. Hilo alilielewa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaonekana mzee wa miaka yake yote.

"Ukienda, nani atalala naye? Hiyo tu ndiyo inayoninyima usingizi. Sikuchukii wala simchukii yeye. Nani atakuwa naye hapa, Verlene, peke yake?"

Verlene akainuka, akampangusa mama mkwe wake vumbi la kokoto begani ingawa hakukuwa na vumbi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama," akasema. "Rudi mahali pako."

Mama Arzula hakuelewa mara moja. Alipoelewa, akajaribu kuivuta mikono yake. Akasema haiwezekani, uliomba, niliapa. Verlene akasema aliyeomba alikuwa msichana wa miaka ishirini na tisa aliyechomwa sindano, na yeye sasa ni mwanamke mzima, anairudisha zawadi kwa mwenyewe kwa shukrani, na wala hamwachi mama, ila kaburini hatangulii. Bibi akatazama jiwe.

"Jina limechongwa ndani," akasema. "Jiwe lile gumu."

Linwood, bila kugeuka, akasema kwamba linasagwa. Amewahi kuona ikifanyika kwao. Wanausaga upande mmoja mpaka usawa, wanachonga upya. Upande huo utakuwa mwembamba kidogo kuliko wa Roscoe, basi.

"Mimi mwenyewe nimekonda," Mama Arzula akasema. Akatoa leso, akajifuta uso wote, akaipanga kofia yake. Kisha akamwambia fundi kwamba Ijumaa aizime taa kwa muda wa saa mbili, na ikizidi dakika moja atapanda nguzoni yeye mwenyewe aiwashe. Linwood akasema ndiyo, Mama. "Haya nendeni. Niacheni kidogo na mwanangu."

Walishuka kati ya makaburi. Verlene alihisi mwili mwepesi na mgeni, kama mtu aliyeamka homa imemtoka. Walipokaribia ua alimvuta Linwood mkono.

"Niulize tena," akasema.

"Siyo hapa," Linwood akajibu, na akatazama nyuma kule juu, kwa adabu. "Mbele yake siwezi."

Akamvusha ua kwanza, kisha akavuka yeye, wakasimama uwanjani mahali palepale alipolala kutazama mbingu. Hapo akamwuliza, kwa maneno manne tu, maana hakuwa mtu wa maneno. Verlene akasema ndiyo. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, na lilipokwisha kutoka alishangaa kwamba hakuna kilichotokea, hakuna mkono uliomshika kwa nyuma.

Akageuka kutazama. Mama Arzula alikuwa amevua kofia. Alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, upande wa kulia wa jiwe, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza juu ya jina la Verlene, akijaribu pakoje. Nyenje walikuwa wametulia ghafla, kama wanavyofanya jua linapoinama, na sauti ya bibi ilishuka kilima kizima bila kupungua.

"Sogea, Roscoe," alikuwa akisema. "Sogea kidogo, mwanangu. Ni mama."